Mzamiaji Mmoja

Kosa lilikuwa langu, na nalisema mapema ili mtu asije kunitafuta katikati ya hadithi. Mimi ni karani wa gati katika kisiwa chetu kidogo. Nina diploma ya utunzaji wa kumbukumbu, mwandiko wangu unasifiwa, na watu huniletea barua zao za kuomba kazi niwanyooshee Kiswahili. Siku ile niliandika maneno machache tu kwenye fomu ya kuomba chombo. Moja kati ya hayo lilikuwa na matumbo mawili, na mimi msomi nikashika moja nikadhani ndilo pekee. Neno lenyewe ni "mzamiaji".

Mengine nitakayosimulia niliyaona kwa macho. Mengine niliambiwa na wenyewe, kila mmoja kwa wakati wake. Na mengine nayajua kwa sababu nyumba yao na yangu zinatumia ukuta mmoja, tena mwembamba, kiasi kwamba wao wakipiga chafya mimi najibu.

Mwenyewe tulimwita Kizibo. Tangu utotoni ukimtupa majini huku, anaibuka kule, anacheka. Alipokua akaajiriwa kwenye duka la uzamiaji, kazi yake kuwapeleka wageni chini ya maji na mitungi mgongoni, kuwaonyesha matumbawe na kasa, halafu kuwarudisha juu taratibu, wote, kwa idadi ileile. Kurudi taratibu ndiyo kazi yenyewe. Kushuka hata jiwe linajua.

"Kule chini damu inakunywa hewa kama soda," alinieleza siku moja tukiwa barazani. "Ukipanda polepole, hewa inatoka kistaarabu. Ukipanda kwa pupa, umefungua chupa iliyotikiswa."

*

Asubuhi hiyo alikuwa ameshashuka mara tatu tangu alfajiri. Boti ilikuwa imesharudi kwenye boya, wageni sita wamejifunga taulo, ndipo mmoja wao akagundua kamera yake haipo. Aliiachia kule chini, kwenye mteremko, alipokuwa akimshangaa pweza. Akaanza kulia kwa sauti, mtu mzima na ndevu zake.

"Kizibo," bosi, mwenye duka, akasema, "dakika tano tu."

"Bosi, saa inakataa." Akamwonyesha ile saa ya kuzamia, iliyo kama kompyuta ndogo ya mkononi, inayomhesabia mtu kina na muda wake. "Imenifungia mpaka kesho."

"Imekufungia wewe au imefunga bahari?" nahodha akadakia huku akicheka. Wageni, ambao hawakuelewa neno hata moja, nao wakacheka. "Picha za fungate zote zimo mle, kaka. Unataka ndoa ya watu ivunjike?"

Kizibo akaivua ile saa, maana ilikuwa inalia kama kifaranga, akaitundika kwenye msumari karibu na usukani. Hakulazimishwa. Jambo hilo bosi alilirudia sana baadaye, na ni kweli. Aliambiwa tu mbele ya watu, na ajira yake ilikuwa ya msimu.

Kamera aliikuta mita arobaini na moja, imeingia chini ya jiwe. Kuitoa kulimchukua muda kuliko alivyodhani, na mtungi aliobeba ulikuwa wa mgeni, umeshatumika nusu. Hewa ilipoanza kuwa nzito kifuani alitazama juu, akaona mwanga uko mbali, na siku hiyo jina lake likamshinda. Aliibuka kama kizibo. Mgeni akaibusu kamera. Kizibo akakaa kwenye benchi, akasema tumbo linambana kama amefungwa mkanda wa mtoto, kisha akasema si kitu, na boti ilipofika akaenda zake nyumbani kwa miguu.

*

Mkewe alikuwa fundi cherehani, na sehemu kubwa ya kazi yake ilikuwa kuziba matundu kwenye suti za mpira wanazovaa wazamiaji. Chumba chao cha mbele kilinuka gundi na chumvi, na zile suti zilining'inia ukutani kama watu walioadhibiwa. Tulimwita Mama Pacha, kwa ajili ya binti zao wawili ambao saa hizo walikuwa shuleni. Mumewe alipoingia hakuinua kichwa.

"Umerudi mapema. Wamekufukuza?"

"Nimekuja kuangalia kama unashona au unapiga soga."

"Napiga soga na zipu. Nayo ina adabu, haijibu."

Akapita mpaka uani, chooni. Akakaa huko. Mama yake mzazi, ambaye sote tulimwita Bibi, aliyekuwa anaanua nguo kwenye kamba, akangoja, akachoka, akagonga mlango wa bati.

"We, umehamia humo? Tukuletee godoro?"

"Mama, haitoki."

"Nini?"

"Haja ndogo. Nimebanwa, lakini haitoki."

Bibi akacheka. "Kwa umri huo! Baba yako alianza akiwa na sabini." Kicheko kikamkatikia mdomoni, kwa sababu mlango ulifunguka na mwanawe alikuwa ameshika ukuta kwa mikono miwili, anatazama magoti yake kama magoti ya mtu mwingine. Yakakunjika. Akakaa chini kwenye maji ya kuogea.

Mama Pacha alifika na sindano bado mdomoni. Akaitoa.

"Umepandaje leo?"

"Kama kawaida."

"Baba Pacha, niangalie mimi. Umepandaje?"

"Haraka kidogo."

Hakuwahi kuzamia hata siku moja, lakini miaka kumi ya kuziba suti na kusikiliza hadithi za wanaume ilimtosha. Bibi alikuwa ameshamshika mwanawe kwapani. "Mwinue, tumtembeze. Mtu wa ganzi hutembezwa mpaka damu ichemke."

"Mama, asitembezwe. Alale chali."

"Nimemzaa mimi huyu!"

"Umemzaa, mama. Mimi namlaza."

Nilisikia hayo ukutani, nikatoka mbio kumfuata nesi wa zahanati. Nesi akaja na pini. Akaanza kumdunga kwenye nyayo, akapanda.

"Hapa unasikia?"

"Choma basi, nesi. Unaniogopa?"

"Nimeshachoma mara nne, kaka."

Nesi akamvuta Mama Pacha pembeni, ingawa kwenye nyumba ile pembeni hakuna, na wote tukasikia. Mapovu ya hewa yamekaa kwenye uti wa mgongo. Anatakiwa oksijeni sasa hivi, na anatakiwa kisiwa kikubwa, hospitali, kwenye kile chumba cha chuma ambacho sisi hukiita pipa. Mtu hufungiwa humo, hushindiliwa hewa mpaka mapovu yasinyae. Akiwahi, miguu hurudi.

"Akichelewa?"

"Shemeji, tusichelewe," nesi akasema. Ilikuwa saa sita kasoro robo.

*

Duka la uzamiaji lilikuwa na mitungi miwili ya oksijeni kwenye masanduku yake. Mama Pacha aliiomba yote miwili kabla hajamaliza kuvuka kizingiti.

"Mmoja chukua, kwa roho safi kabisa," bosi akasema. Alikuwa ameloa jasho na hakuwa mtu mbaya, nalisema hilo kwa haki. "Wa pili unatoka na boti saa nane. Sheria hainiruhusu kupeleka wageni chini bila oksijeni."

"Basi wasiende."

"Mama Pacha, wamesafiri mabara na mabara."

"Mume wangu naye anataka kusafiri. Hapo tu, ng'ambo. Mpe boti."

"Boti yangu inarukaruka, itammaliza mgongo. Chombo cha bandari ndicho kina sitaha pana na kinatulia. Kiombe kwa karani." Akafuta uso kwa kofia. "Halafu kuna jambo, shemeji. Ile saa yake aliivua mwenyewe. Nimeileta pale mezani, sijaigusa gusa. Nataka uione kabla watu hawajaja na maneno."

Mama Pacha akaiangalia. Ilikuwa bado inalia, titi, titi, taa nyekundu inawaka na kuzima.

"Kumbe hapa kazini alikuwa na mmoja aliyemkataza," akasema.

Bosi akamkabidhi mtungi mmoja. Nje ya mlango yule mgeni wa kamera alimwona akitoka na mtungi, hakumjua ni nani, akamsogezea mlango vizuri ili apite, akatabasamu. Mama Pacha akamwambia asante. Aliniambia baadaye kwamba katika siku nzima neno hilo ndilo lililomuuma kuliko mengine: kwamba alisema asante.

*

Mnara wa simu ulikuwa umelala tangu juzi, hivyo hapakuwa na njia ila redio ya gati, na redio ya gati ni yangu. Kanuni ni kwamba unaandika fomu kwanza, halafu unaisoma. Nikachukua kalamu.

"Andika mgonjwa," Mama Pacha akasema. Alikuwa amesimama juu yangu, anatweta.

"Shemeji, wagonjwa wako wengi. Nikiandika mgonjwa watasema apande boti ya abiria kesho. Niandike mzamiaji, wajue moja kwa moja ni kesi ya pipa."

"Wewe ndiye umesoma," akasema.

Nikaandika kwa herufi kubwa, nzuri: MZAMIAJI MMOJA YUPO. HALI MBAYA. TUMENI CHOMBO HARAKA. Nikabonyeza redio nikasoma. Upande wa pili, bandarini kisiwa kikubwa, sauti ya kijana wa zamu ikachangamka.

"Rudia, gati ndogo. Umesema mzamiaji?"

"Mzamiaji."

"Mmoja?"

"Mmoja ndiye amezidiwa. Wenzake sita wako salama."

"Sita! Wenyeji?"

"Wageni wote. Wako hotelini, wanapumzika."

"Hotelini!" Pakawa na mnong'ono. "Hao msiwashtue."

"Hatujawashtua, hawajui lolote."

"Vizuri. Huyu mmoja mmempataje?"

"Alikuwa chini peke yake. Hewa ikamwishia, akapanda kwa pupa."

"Wengi hukosea hapo. Ana vyeti?"

"Anavyo, tena vya kimataifa."

"Hebu! Msimwache atembee."

"Hatembei kabisa. Tumemlaza chali."

"Safi sana. Kaeni naye hapo hapo. Tunaleta wahusika."

Nikamgeukia Mama Pacha kama mtu aliyetoka kushinda kesi. "Umesikia? Wanajua mambo. Asitembee, wamesema. Wanaleta wahusika, yaani madaktari."

"Mbona hawajauliza jina?"

"Shemeji, watu wa dharura hawana muda wa majina."

*

Tulimbeba Kizibo mpaka gatini juu ya meza ya mkewe ya kukatia vitambaa, tukamweka kivulini chini ya bati la chumba cha mizigo. Kipumulio cha oksijeni kilikuwa kimemkaa usoni, naye akawa anakiondoa ili aongee, na nesi anakirudisha. Tumbo lilikuwa limejaa kwa kukosa kukojoa mpaka limekuwa gumu kama tikiti. Nesi akasema mpira wa kutolea mkojo lazima uingizwe pale pale. Mama yake na mkewe wakashika shuka kama pazia, mmoja huku na mwingine kule. Upepo ukawa unalinyanyua, wabeba mizigo wakawa wanatazama bahari kwa nguvu zote.

"Mama, wewe angalia pembeni," Kizibo akasema.

"Nilikuosha mimi hiyo," Bibi akasema. Hakutazama pembeni. Machozi yalikuwa yanamtoka bila uso kubadilika.

Saa saba na nusu mshale wa mtungi uligusa sifuri. Nesi akaupiga kwa ukucha, akaupiga tena. Saa nane kamili boti ya bosi ilipita mbele yetu na wageni wake, taratibu, kwa sababu karibu na gati ni marufuku kwenda mbio. Tuliliona lile sanduku la pili, limefungwa vizuri kwa mkanda nyuma ya nahodha. Nahodha alivua kofia. Hakusimamisha.

"Saa ngapi?" Kizibo akauliza.

"Bado mapema," mkewe akamjibu.

Alimjibu hivyo saa nane na nusu, na saa tisa. Mimi nilirudi kwenye redio mara mbili. Mara zote mbili waliniambia ruhusa imechelewa kwa sababu ya idadi, nami nikashangaa idadi gani, nikaona aibu kuuliza kama mtu asiyejua kazi yake.

Chombo kikafika saa tisa na nusu. Hakikuwa na machela wala koti jeupe. Walishuka maafande wawili wenye viatu vizito, wa kwanza na faili, wa pili na fungu la pingu mkononi, zinalia kama funguo. Nilizihesabu bila kutaka. Zilikuwa saba.

"Yuko wapi mzamiaji?"

"Huyu hapa," Mama Pacha akasema, "daktari ni yupi?"

"Daktari wa nini?" Afande wa faili akachuchumaa kando ya meza, akamtazama Kizibo kwa upole wa mtu aliyefundishwa kuhoji. "Kijana, ulizamia meli gani?"

"Meli?"

"Meli uliyojificha. Ilikuwa inakwenda nchi gani?"

Kizibo akamtazama, akanitazama mimi. "Afande," akasema, "mimi nazamia maji."

Hapo ndipo tumbo la pili la lile neno lilipofunguka mbele yangu, na mimi nikatamani linimeze. Kwetu kisiwani mzamiaji ni mtu wa mtungi na miwani. Kwao bandarini, mahali meli kubwa zinapotia nanga, mzamiaji ni mmoja tu: anayejibana kwenye shehena ili avuke mipaka bila karatasi. Na mimi niliwapa mmoja mwenye vyeti vya kimataifa, aliyeishiwa hewa akapanda, na wenzake sita wageni, hotelini.

"Nani aliandika hii?" afande akauliza.

"Mimi," nikasema. Ni neno moja nililosema siku ile lenye maana moja tu.

Alikuwa mtu mwenye watoto, ilionekana. Alisimama, akavua kofia, akaivaa. "Mama, nakuonea huruma. Lakini hiki ni chombo cha doria. Kibali changu ni cha kubeba watuhumiwa. Mgonjwa akinifia baharini nitajibu nini? Chombo cha wagonjwa kina fomu yake."

"Kinafika saa ngapi?"

Afande akatazama jua. Nasi tukalitazama.

Mama Pacha akajifuta mikono kwenye nguo. "Mlitumwa kuchukua nini?"

"Wazamiaji."

"Basi mchukue."

"Mama, huyu si mtuhumiwa."

"Mwandike mtuhumiwa. Amezamia meli. Nasema mimi mkewe, nani atajua kuliko mimi? Alikuwa ananitoroka."

"Mwanangu si mhalifu!" Bibi akapiga kelele. "Kizazi chetu chote hakijawahi kulala korokoroni!"

"Mama, nakuomba. Leo ni mhalifu." Akauchukua mkono wa mumewe, akaunyoosha kwa afande, kiganja juu, kama anayepima nguo. "Funga."

Yule wa pili alimtazama mkubwa wake. Mkubwa wake alitazama maji. Kisha pingu ikalia, kwenye tundu la mwisho kabisa, huru kiasi kwamba mkono ungeweza kutoka.

"Kumbe leo nasafiri nje," Kizibo akasema. Hakuna aliyecheka, hata mimi, ambaye sijawahi kumnyima mtu kicheko.

*

Bibi alibaki kuwapokea wajukuu wakitoka shule. Mimi nilipanda kwa sababu sikuweza kubaki. Njia nzima Mama Pacha alikishika kichwa cha mumewe kisigonge chuma, na afande wa faili akamshikia miguu, ingawa miguu haikuhitaji kushikwa, ilikuwa inafuata tu mawimbi.

Bandarini tukadhani yamekwisha. Mkuu wa zamu alikuwa nyuma ya kaunta ya mbao, miwani kichwani. Afande wetu alimweleza yote, kwa kirefu, kwa kunong'ona. Mkuu alisikiliza, akasikitika sana, akafungua kitabu.

"Sawa, lakini ameingia kama mtuhumiwa. Siwezi kumtoa ambaye sijamwingiza. Tumwandikishe, halafu tumwachie kwa dhamana ya ugonjwa. Ni dakika chache."

Walimpaka wino vidole kumi, kimoja kimoja. Wino ukaisha kwenye kidole cha saba, ukaenda kutafutwa mwingine. Mama Pacha alikuwa amesimama katikati ya chumba, anasema "miguu, miguu yake jamani", si kwa kelele, kama mtu anayehesabu. Ikaja zamu ya picha. Sheria ilitaka mtuhumiwa asimame mbele ya ukuta wenye alama za urefu. Nikamshika kwapa la kulia, afande akamshika la kushoto, tukajibana nje ya fremu. Picha hiyo ipo kwenye faili mpaka leo: Kizibo amesimama wima, mita moja na sabini na mbili, na mikono iliyomshika huioni.

Tulifika kwenye pipa saa kumi na mbili na robo. Fundi wa pipa alikuwa mzee mfupi mwenye kalamu sikioni. "Imeanza saa ngapi?"

"Saa tano," Mama Pacha akasema.

Fundi akaanza kuhesabu kwa vidole, akaacha njiani. "Haya," akasema. "Tumwingize."

*

Lile pipa ni kubwa kuliko nilivyofikiri, la chuma, limepakwa rangi ya maziwa, na kwenye mwisho wake mmoja kuna kidirisha cha mviringo kama sahani. Mgonjwa hulazwa na miguu upande wa kidirisha. Sauti yake hutoka kwenye kispika kidogo ukutani, na wewe ukitaka kumjibu unabonyeza kitufe.

Siku ya kwanza alikaa humo kwa muda wa saa tano. Ya pili, akarudishwa. Ya tatu asubuhi Bibi alifika kwa boti ya abiria na barua ya wajukuu iliyochorwa kasa. Daktari alikuwa ameshaniambia mambo fulani kwenye korido, nami sikuwa nimewaambia wengine, na nadhani daktari alikuwa amewaambia wote, mmoja mmoja, kwenye korido hiyohiyo, na kila mmoja alikuwa anawaficha wenzake.

Tukasimama wanne kwenye kidirisha: Bibi, Mama Pacha, fundi na mimi. Shuka lilikuwa limeinuliwa juu ya fremu kumkinga tumbo, hivyo Kizibo hakuweza kuona zaidi ya kifua chake. Nyayo zake zilikuwa mbele yetu kabisa, nyuma ya kioo, safi. Hazijawahi kuwa safi vile.

Kispika kikakwaruza.

"Mko hapo?"

Mama Pacha akabonyeza. "Tuko hapa. Na mama amefika."

"Mama, shikamoo. Sikilizeni. Usiku sikulala, nilikuwa nafanya mazoezi ya akilini kama alivyosema daktari. Sasa hivi nalichezesha dole gumba la kulia. Nalisikia kabisa. Juu, chini. Juu, chini. Ila mimi hapa silioni, hili shuka linanizuia."

Bibi aliweka kiganja kwenye kioo. Fundi akageukia geji zake, ambazo zilikuwa hazina tatizo lolote. Kidole cha Mama Pacha kilibaki juu ya kitufe, hakikubonyeza na hakikuondoka. Mimi nilitazama lile dole gumba mpaka macho yakaanza kuona vitu visivyokuwepo, nikayafumba, nikayafumbua, nikatazama tena.

"Juu, chini," kispika kikasema. "Mnaliona? Mama Pacha? Karani? Hebu mmoja wenu aniambie linacheza."